Kuku wa kupaka kama wa mkahawani: kwa nini tui linakatika, na ule moshi unatoka wapi

SWALI: Mwezi wa nane mimi na mume wangu tulikula kuku wa kupaka katika mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Ladha yake haijanitoka mpaka leo: moshi, nazi nzito, utamu ambao si wa sukari, na uchachu wa mbali unaokuja mwishoni. Nimejaribu nyumbani Nairobi mara nne. Nakaanga kitunguu, natia nyanya, binzari ya pakiti, kuku, kisha tui la kopo, nafunika na kuacha litokote. Napata mchuzi wa nazi wa kawaida tu, na mara mbili tui limekatika likawa vidongevidonge juu ya maji. Nina gesi yenye oveni, na jiko la mkaa lipo ila halitumiki. Nakosea wapi?

JIBU: Dada, unachopika ni mchuzi wa kuku wa nazi. Ni chakula kizuri, ila sicho ulichokula. Jina la chakula kile limebeba kazi yake ndani: ni kuku wa kupaka, yaani kuku anayechomwa huku akipakwa rojo la nazi, mkono baada ya mkono, mpaka rojo linamkaukia mwilini. Kwenye menyu nyingi za ughaibuni huandikwa "kuku paka". Ile "wa ku-" imedondoka, na mara nyingi kitendo chenyewe kimedondoka nayo. Wahindi wa Afrika Mashariki wanao mtindo wao wa mchuzi mwingi wenye viazi na mayai ya kuchemsha, lakini hata wao, wakipika kwa makini, kuku hupitia motoni kwanza. Kuku mbichi akitumbukizwa kwenye tui na sufuria ikafunikwa, hakuna kiungo kitakachomfikisha unakotaka.

Umefanya jambo moja zuri ambalo wengi hawalifanyi: umezitaja ladha moja moja. Tuanzie hapo, maana kila ladha uliyoitaja ina mahali ilipozaliwa.

Moshi hautoki kwenye mkaa peke yake. Mkaa ulioiva vizuri hautoi moshi wa kuonekana. Moshi wa kuku wa kuchoma unatokana na mafuta ya kuku, na kwa chakula hiki mafuta ya nazi pia, yakidondokea makaa, yakiungua na kupanda tena kuishika nyama. Na moshi hushika zaidi penye unyevu kuliko palipokauka. Kwa hiyo kila unapopaka rojo juu ya kuku, unauwekea moshi pa kukaa. Ndiyo maana kuku aliyechomwa mkavu kisha akamwagiwa mchuzi sahanini hafanani na aliyepakwa motoni, hata kama viungo ni vilevile.

Utamu usio wa sukari unatoka sehemu mbili. Tui lenyewe lina utamu wake, nao hujitokeza maji yakipungua. Halafu rojo likikauka juu ya kuku, maji yanakwisha, mafuta ya nazi yanabaki, nayo yanakaanga masalio ya tui na kitunguu mpaka yanapiga rangi ya kahawia. Ile rangi ndiyo utamu wako. Tui lililofunikwa sufuriani haliwezi kuipata kwa sababu halipandi joto kupita maji yanayochemka.

Uchachu wa mbali ni swali la lini, kabla ya kuwa swali la nini. Ndimu iliyopikwa inabaki kali bila harufu. Ndimu iliyokamuliwa baada ya moto kuzimwa inabaki na harufu yake, nayo huja mwanzo na kuondoka. Ukwaju ni tofauti: unachelewa, ni wa duara, unakaa pembeni mwa ulimi. Ukisema uchachu ulikuja mwishoni, naelekea kuamini rojo lile lilikuwa na ukwaju kidogo, na ndimu ilikuwa kwa kuku kabla hajaenda motoni. Anza hivyo.

Sasa binzari yako ya pakiti. Hiyo ndiyo inayokupeleka upande mwingine kabisa. Pakiti nyingi zina uwatu, na uwatu una harufu inayotawala sufuria nzima. Ukiusikia unasema "mchuzi" kabla hujaonja. Rojo la kupaka halitaki mdalasini, karafuu wala iliki. Hivyo ni vya pilau na biriani. Linataka manjano kidogo, bizari nyembamba (wengine huiita jira au uzile), saumu, tangawizi na pilipili mbichi. Basi. Wingi wa viungo ndiyo njia ya haraka ya kuipoteza nazi.

Mahitaji ya watu wanne: kuku mmoja wa kilo moja na robo hivi, nazi mbili kavu, kitunguu maji kimoja cha wastani, nyanya mbili zilizoiva, saumu punje kumi, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba mara mbili, pilipili mbichi mbili au tatu, manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, ndimu mbili, ukwaju kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, kotmiri (hapo Nairobi ombeni dania ya majani) fungu dogo, na chumvi.

Kuku wa kisasa anafaa kwa njia hii moja kwa moja. Ukimpata wa kienyeji, mchemshe kwanza na nusu ya saumu, tangawizi na chumvi mpaka nyama ilegee bila kuachana na mfupa, dakika arobaini au zaidi kulingana na umri wake, kisha umwache apoe na akauke. Ukimweka kienyeji mbichi juu ya makaa, atakauka nje kabla hajalainika ndani.

Mpasue kuku mgongoni, mbonyeze kifuani mpaka alale bapa, au mkate robo nne. Acha ngozi, mafuta yake ni sehemu ya moshi. Mchanje mikato mitatu kila paja na miwili kila upande wa kifua, ifike karibu na mfupa. Twanga saumu punje sita, nusu ya tangawizi na pilipili moja, changanya na maji ya ndimu moja na nusu na chumvi vijiko viwili vya chai, msugue mpaka ndani ya mikato. Saa mbili hadi nne zinatosha. Usimlaze usiku kucha kwenye ndimu. Uchachu unaivisha nyama ya juu kabla ya moto, na ukimchoma unapata tabaka la nje lenye kutafunika kama chaki. Hili ni kosa la watu wenye bidii, wanaodhani muda mrefu zaidi ni ladha zaidi.

Tui ndilo kiini cha tatizo lako, kwa hiyo nitakaa hapo. Chagua nazi nzito inayolia maji ukiitikisa na yenye macho makavu yasiyo na ukungu. Koroma halifai, bado halijajaa mafuta, na tui lake ni jepesi kama maji ya mchele. Ikune kwa mbuzi ya nazi, au vunja kokwa vipande vidogo usage kwenye blenda. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, yasiwe ya kuchoma mkono, ukande chicha dakika mbili tatu, kisha ukamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Utapata kikombe kimoja na nusu hivi cha tui zito. Liweke kando. Rudisha chicha, tia vikombe viwili vya maji, kamua tena: hilo ni tui jepesi. Hayo mawili yana kazi mbili, na ukiyachanganya tangu mwanzo umeshaharibu nusu ya chakula.

Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyazuia yasiungane ni protini zinazoyazunguka. Joto likipita nyuzi 80 hivi, protini hizo zinaanza kuganda. Mchemko mkali unazigonganisha, na uchachu unazisukuma zishikane. Zikishikana, mafuta yanabaki bila ulinzi, yanakusanyika juu, na chini yanabaki maji na vidonge. Huko ndiko kukatika. Wewe ulilipa tui yote matatu kwa pamoja: nyanya mbichi yenye uchachu, mfuniko ulioweka joto juu, na kutokota bila kukorogwa. Tui la kopo huwa linavumilia zaidi kwa kuwa mengi hutiwa vitu vya kulishikilia, lakini nalo lina mwisho wake.

Dawa ni kumpeleka mkosaji kwa tui jepesi. Saga kitunguu, nyanya, saumu iliyobaki, tangawizi iliyobaki, pilipili na mabua ya kotmiri bila maji. Kaanga bizari nyembamba kavu kwenye kikaango mpaka inukie, kama dakika moja, uiponde. Kwenye sufuria pana tia vijiko viwili vya mafuta, manjano na bizari, sekunde ishirini tu, manjano yasiungue maana yakiungua yanaleta uchungu usiotoka. Mimina ulichosaga pamoja na tui jepesi lote. Hapa tokosha bila woga, bila mfuniko, dakika kumi na tano hadi ishirini. Likikatika hapa haidhuru. Mafuta yake ni machache na halijabeba umbo la rojo. Kazi ya hatua hii ni kuua ubichi wa kitunguu na kupunguza maji mpaka yabaki kama theluthi.

Onja mwanzoni na uonje mwishoni. Dakika ya tano utasikia kitunguu kibichi kinachopanda puani. Dakika ya kumi na tano kinapaswa kuwa kimegeuka utamu. Kama bado kinapanda puani, usitie tui zito, maana mafuta yataufunika ubichi huo kwa muda, halafu utauona mezani.

Sasa punguza moto uwe mdogo kabisa. Tia tui zito taratibu huku unakoroga, na usiache kukoroga. Wapishi wengi wa pwani huteka kwa upawa na kumimina tena, wakirudia bila kuchoka. Wanachokifanya ni kulipoza tui juu na kulizuia lisisimame sehemu moja likapata moto. Lisitokote. Unataka lipumue tu, viputo vidogo pembeni mwa sufuria. Dakika kumi hadi kumi na mbili litakuwa zito kiasi cha kushika nyuma ya mwiko. Ukipitisha kidole, njia ibaki wazi. Zima moto. Ndipo utie ukwaju uliolowekwa kwenye robo kikombe cha maji na kuchujwa, kijiko kimoja kimoja, na chumvi. Chumvi inakuja mwisho kwa sababu mafuta ya tui yanaificha. Ukiitia mapema utaiongeza mara mbili.

Likikatika hata hivyo, ondoa motoni mara moja, tia vijiko vitatu vya maji ya moto, ulizungushe kwenye blenda nusu dakika. Linarudi kwa kiasi kikubwa. Au koroga kijiko cha chai cha unga wa mchele kwenye maji baridi, utie, upashe moto polepole. Unga ukizidi hapo unakuwa uji, kwa hiyo kijiko kimoja ndicho kikomo. Na usikate tamaa: rojo la kupakwa lililochuja mafuta kidogo bado linafaa kwa kazi ya motoni, maana huko litatoa mafuta vyovyote vile. La kumwagia sahanini ndilo linalotaka ulaini.

Ukibaki na kopo, nunua makopo mawili ya mililita 400 yasiyo ya aina iliyopunguzwa mafuta, na usiyatikise. Chota sehemu nzito iliyoganda juu, hiyo ndiyo tui zito. Ya chini iongeze kikombe cha maji, hiyo ndiyo tui jepesi. Kasoro ya kopo ni harufu. Limeshapikwa kiwandani, hivyo limepoteza ule unukivu wa nazi mpya. Kuna suluhu ya nusu njia inayofaa sana: fanya kila kitu kwa kopo, lakini ukune nusu nazi, ukamue robo kikombe ya tui zito, ulitie baada ya kuzima moto.

Rojo likiwa tayari ligawe bakuli mbili kabla brashi haijagusa kuku. Moja ya kupakia, nyingine ya kumwagia mezani. Usizichanganye, brashi iliyogusa kuku asiyeiva haitakiwi kurudi kwenye rojo ambalo halitapita tena motoni.

Toa jiko lako la mkaa, ulipeleke nje. Nasema nje kwa uzito wote: mkaa ukiwaka ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini kwa sababu hiyo. Makaa yawe yamevikwa jivu la kijivu, bila ndimi za moto. Weka kiganja mahali kuku atakapokaa. Ukivumilia sekunde nne au tano, moto ni wa kumchoma. Mfute kuku unyevu wa juu kwa kitambaa safi, anza na upande wa mifupa, umpindue kila baada ya dakika tano sita. Dakika ishirini na tano hivi atakuwa robo tatu: amepata rangi, lakini penye kiungo cha paja maji yake bado yana wekundu.

Hapo, na si kabla, ndipo unapoanza kupaka. Ukipaka mapema, rojo linaungua na kuwa jeusi chungu wakati ndani bado mbichi. Tandaza makaa yapungue nguvu, kiganja kivumilie sekunde sita au saba. Paka upande mmoja, subiri dakika tatu mpaka pakauke na kingo zianze kupata madoa ya kahawia, pindua, paka upande wa pili. Rudia mara tatu au nne kila upande. Kama huna brashi, ponda ncha ya mchaichai mpaka ifumuke, inafanya kazi vizuri na inaacha harufu yake. Mkono wa kwanza utaonekana umenyonywa na kupotea. Wa pili unaanza kushika. Wa tatu na wa nne ndio ngozi ile uliyoikumbuka. Mafuta yakidondoka na kuwasha moto, msogeze kuku pembeni badala ya kumwagia maji. Maji yanapandisha jivu likamwangukia.

Ameiva pale ukimchoma paja penye kiungo maji yanatoka meupe. Mwenye kipimajoto aangalie nyuzi 74 sehemu nene isiyogusa mfupa. Mpumzishe dakika tano, kisha mimina rojo la bakuli la pili likiwa moto, kata kotmiri juu, kamua nusu ndimu iliyobaki.

Na siku ambayo mvua inanyesha Nairobi na mkaa hautoki nje? Tumia grili ya juu ya oveni kwa moto wa mwisho, kuku akiwa kama sentimita kumi na mbili chini yake, na mpangilio uleule wa kuchoma kwanza kisha kupaka. Utapata rangi na utamu, moshi hutaupata. Ulete hivi: washa kipande kimoja cha mkaa juu ya mwako wa gesi mpaka kiwe chekundu chote, madirisha yakiwa wazi. Kiweke kwenye kibakuli cha chuma katikati ya sufuria yenye kuku, dondoshea nusu kijiko cha chai cha samli juu yake, funika papo hapo. Dakika nne, si zaidi. Zikipita unapata masizi na uchungu wa kooni. Toa mkaa, uzime kwa maji. Si sawa na jiko la nje, maana moshi huu unakaa juu tu, lakini mtu asiyeambiwa atauliza umechomea wapi.

Ukiwa unarekebisha, badilisha jambo moja kila unapopika, na uandike. Watu hubadilisha nazi, kuku na viungo siku moja, halafu hawajui ni kipi kilichosaidia. Wewe anza na moto. Pika kama nilivyoeleza, ulinganishe na kumbukumbu yako. Ladha ikiwa bapa, jaribu chumvi, kisha ndimu, kabla ya kugusa viungo. Mara nyingi kinachoitwa "haijakolea" ni chumvi pungufu. Ikiwa na ukakasi ulimini, manjano yamezidi au ukwaju haukuchujwa vizuri. Ikiwa na uchungu, tafuta penye kuungua: saumu, manjano, au rojo lililopakwa kwenye moto mkali. Ikiwa nzito mdomoni kiasi cha kukinai, ongeza ukwaju kijiko kimoja. Uchachu ndio unaokata mafuta, na pengine ndio uliokufanya siku ile usitosheke.

Onjeni kikiwa na joto la kulika. Rojo linaloonjwa likiwa moto sana hudanganya, chumvi na uchachu vyote hujificha.

Mle kwa mkate wa mofa mkiupata, au chapati, au wali mweupe usio na nazi. Wali wa nazi juu ya rojo hili ni nazi juu ya nazi, na moshi unapotea katikati. Samaki naye hupakwa kwa rojo hilihili, changu au tafi, ila achomwe dakika chache tu kabla ya kupakwa, na rojo lizidishwe ukwaju.

Kikibaki, tenganisha kuku na rojo kabla ya kuweka kwenye friji. Kesho yake rojo lipashwe kwa moto mdogo na kijiko kimoja cha maji, likikorogwa lisitokote, na kuku arudi kwenye kikaango kikavu chenye moto mpaka ndani apate joto kabisa, akipakwa mkono mmoja wa mwisho kabla ya kuepuliwa.